Lesi Iliyonyooka

Nilipokuwa nimekaa eda ya mume wangu, kule Msambweni, dada yangu aliniletea gauni la harusi ya bintiye nilitie lesi pindoni. Mimi sikuruhusiwa kujipamba wala kwenda harusini, lakini kumpambia mwenzangu nguo hakuna aliyenikataza.

Lesi ndefu hutiwa na watu wawili: mmoja hushona, wa pili hushika ncha ili isilegee. Miaka yote aliyenishikia ni mume wangu. Alikaa mkekani akinung'unika kwamba mwanamume mzima anashikishwa mapambo ya kike, kisha akasinzia, lesi ikalegea, mshono ukaenda upande. Nilimfokea kila mara.

Safari hii niliifunga ncha kwenye mguu wa kitanda. Vigelegele vilinifikia kutoka nyumba ya dada, nami nikashona tangu adhuhuri hadi alasiri. Kitanda hakikunung'unika wala hakikusinzia.

Dada alipokuja kulichukua gauni, alilipitisha pindo lote vidoleni.

“Mdogo wangu, hujapata kushona lesi ikanyooka hivi.”

Alisema kweli. Nilimwomba alikunje upesi aondoke nalo.