Kanga ya Dada, Isiyo na Mji

Juzi nilirudi nyumbani na kompyuta kuukuu niliyoipata kwa mafundi wa Kariakoo. Ndiyo starehe yangu, rafiki: mchana naandika programu za watu, jioni nafufua mashine zilizosahaulika. Ilipowaka, vumbi likaungua ndani yake, na harufu ile ikanirudisha kwetu, bondeni Jangwani.

Baba alikuwa kuli bandarini. Siku moja alituletea kompyuta iliyotupwa na ofisi fulani, ya maandishi ya kijani. Dada yangu alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu. Siku ambazo mifupa ilimuuma hakwenda shule, alishinda mbele ya mashine ile. Alijifunza mwenyewe kuiamuru ichore kanga. Mimi nilikaa mkekani, kitumbua cha moto mkononi, nikimsomea namba kutoka daftari lake la hesabu. Nikikosea moja, ua zima linapinda.

"Mashine haibahatishi, mdogo wangu. Soma tena."

Masika ya mwaka ule maji yaliingia asubuhi tukinywa chai. Baba alikuwa kazini. Mama alimbeba bibi mgongoni, sisi tukamfuata hadi barazani kwa jirani, kwenye mwinuko. Hapo ndipo nilipoanza kulia.

"Dada, kompyuta! Kanga yetu!"

Alinitazama, akashuka kurudi nyumbani. Alisimama kwenye maji ya baridi yaliyomfika kiunoni, akaipandisha mashine juu ya kabati.

Baridi ni adui mkubwa wa mwenye ugonjwa ule. Jioni maumivu yakaanza. Siku ya nne tulimzika.

Baba aliichukua kompyuta pamoja na daftari lililolowa, akaenda kuvitupa.

Sasa, kwenye hii niliyoifufua, naichora upya kanga ile. Pindo nalikumbuka lote. Mji, pale katikati, namba zake zimenitoka. Jumapili nilimwonyesha mama. Alipatazama pale patupu, nami nikashindwa kujizuia.

"Mama, mimi ndiye niliyemrudisha dada mle ndani."

"Nilikusikia," alisema. "Ningeweza kumkataza. Nilidhani atawahi kutoka."

Nyumba zetu za bondeni zilishabomolewa, baba na bibi wametangulia. Tumebaki wawili tunaojua kwamba katikati palikuwa na ua, na hakuna kati yetu anayekumbuka lilivyokaa.