Saizi ya Mama Watoto

Umewahi kuona mwanaume akitembea sokoni amekumbatia hewa? Leo Jumamosi, hapa Kiptere, mchuma chai mmoja alipita mikono ikiwa duara, kama anacheza dansi na mtu tusiyemwona. Mzee mmoja akamnyooshea mkono kumsalimia: "Chamgei." Jamaa akainamisha kichwa tu.

"Siku hizi hausalimii watu?"

"Nisamehe, mzee. Nimemkumbatia mama watoto akilala, nikatoka hivi hivi. Nikishusha mikono, saizi itapotea. Hata mlango nimefunga na mguu."

Mama wa mitumba akapitisha gauni la bluu ndani ya lile duara la mikono. Likajaa sawasawa. Hata mimi graduate bila job nikaota kupendwa hivyo.

"Atavaa lini?"

"Sijui, mama. Hata Jumapili tunachuma chai, mimi na yeye."

Mameneja wa mashamba, enough. Kesho fungeni kazi, huyo mama avae gauni.