Swali la Daktari wa Ng'ombe

Ng'ombe wangu alipotupa mimba mara ya pili, daktari wa mifugo alikuja kwetu Mshangano kuchukua damu na kipande cha kondo la nyuma akapime.

"Mama, kondo huwa analitoa nani?"

Mimi, kwa mikono mitupu, kama mama yangu alivyonifundisha.

"Na homa unazo?"

Nikawaka. Nimekuita kwa ng'ombe, unanipima mimi! Lakini homa nilikuwa nazo, na dawa za malaria hazikuzimaliza.

Majibu ya ng'ombe yalikuwa brusela, ugonjwa unaoambukiza hata watu, kwa kushika kondo kama nilivyofanya. Hospitali wakanikuta nayo. Ng'ombe tulimpoteza; mimi nikatibiwa, nikapona.

Mpaka leo mahindi mabichi ya kwanza shambani kwangu ni ya daktari yule. Huyapokea akicheka: "Homa unazo?"