Beseni Juu ya Mnavu

Bi Mwatumu hufunga kopo lake la sukari kwa uzi mweusi, mizunguko mitano, na kabla ya kulifungua huihesabu. Ikiwa minne, basi kuna mtu ameingia. Anaishi peke yake.

Nyumba yetu hapa Garland, mwendo wa saa nne kwa gari kaskazini mwa Houston, imegawanywa milango mitatu. Wa kwanza ni wetu, mimi na mume wangu Leonce na binti yetu Precious wa miaka minne. Wa kati ni wa Bi Mwatumu. Wa mwisho ni wa Cherotich, nesi kutoka Kericho anayefanya kazi zamu za usiku. Uwanja wa nyuma ni mmoja, hauna hata kamba ya kututenganisha.

Bi Mwatumu ni mzaliwa wa Ujiji, mtu mzima wa miaka sitini na kitu. Mchana analisha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, jioni anarudi na kanga juu ya koti. Kabla ya kuja kwetu alikaa miaka sita kwa mwanawe kule Missouri City, karibu na Houston, na alikuwa na bustani ya mnavu. Kisha mwanawe akamwaga zege pale apate pa kuegesha gari la pili. Bi Mwatumu alikunja nguo zake, akaja huku na kijikaratasi cha mbegu alizowahi kuzikausha. Mbegu zile asili yake ni shamba la marehemu mama yake. Hazikujaa hata kijiko cha chai, na ndizo zilizobaki duniani, alivyosema mwenyewe.

Mwezi wa pili joto lilipanda, watu wakatoka na kaptula. Nikamwona ameinama, anazimwaga zote udongoni.

"Zote, Bi Mwatumu? Hubakizi hata chache?"

"Missouri City mwezi wa pili ndio mwezi wake. Nibakize za nini, waje wanichukulie?"

Nilitaka kumwambia kwamba huku si kule, kwamba mwaka jana mwezi wa tatu nilivua koti Jumatatu nikalivaa tena Jumatano. Lakini mimi niliishia darasa la saba na yeye ni sawa na mama yangu. Nikanyamaza. Mpaka leo kunyamaza kule kunaniuma.

Ikaota miche mingi. Mvua kubwa ikaondoka na mingine, ndege wakamaliza mingine, ikabaki sita. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini aliigusa mmoja mmoja akihesabu. Ikanawiri, ikatanua majani, mmoja ukatangulia kutoa maua meupe. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Huo wenye maua siuchumi. Huo ni wa mbegu."

Jumatano moja mwishoni mwa mwezi wa tatu akagonga ukuta wa jikoni.

"Mama Precious! Njoo uone. Usikanyage!"

Juu ya majani ya mnavu kulikuwa na majivu. Si mengi, yamenyunyizwa, kama mtu anavyotia chumvi kwenye samaki.

"Mimi nimechoma nini mpaka nipate majivu?"

"Labda ni upepo, mama."

"Upepo unaochagua mimea ya mtu mmoja?"

Akageuza macho taratibu kuelekea mlango wa Cherotich. Pale penyewe palikuwa na jiko lake la kuchomea nyama. Na mimi nikaliangalia. Nilijiambia sitaki maneno ya watu, lakini siku ile sikumruhusu Precious kucheza upande ule.

Alhamisi tukashinda na jasho. Alasiri upepo ukageuka, ukaanza kutoka kaskazini, na jua lilipozama nikamtafutia mtoto blanketi.

Ijumaa asubuhi nilisikia ukelele. Nilitoka na kandambili moja. Miche mitano ilikuwa imelala, majani meusi, yamelegea kama mboga iliyomwagiwa maji ya moto. Ule wa sita haukuonekana. Mahali pake palikuwa na beseni la bluu limefudikizwa, tofali juu yake. Beseni lile tunalijua wote, limeungua ukingoni. Ni la Cherotich la kufulia.

"Kwanza majivu, sasa haya," Bi Mwatumu alisema. "Mitano ameiua. Wa sita kaufunikia dawa yake, ikolee. Na sukuma yake hiyo iangalie. Inanicheka!"

Nikaangalia. Sukuma ya Cherotich, hatua kumi tu kutoka pale, ilikuwa imesimama wima, kijani, inang'aa kuliko jana. Kwa nini kwake tu?

Bi Mwatumu alishaingia ndani kuchukua jembe. "Huu nao nauchimba. Siwezi kula kitu kilichoshikwa na mkono wa mtu asiyenitakia mema."

Precious aliniita kutoka mlango wa mbele. "Mommy, the tomato is yucky."

Nikaenda kuona. Nyanya yangu niliyoipanda kwenye ndoo barazani, upande wa barabara, nayo ilikuwa nyeusi, imelegea vilevile. Nikaibeba na ndoo yake mpaka nyuma, nikaitua mbele ya Bi Mwatumu.

"Na hii nani kaimwagia maji ya moto, mama? Kwangu hakukuwa na majivu."

Aliiangalia sana. "Pole, mwanangu," akasema. "Kumbe na wewe kakufikia."

Kabla sijajua nicheke au nilie, Cherotich akatokea kwenye kona na nguo zake za unesi, macho mekundu kwa kukesha.

"Habari ya asubuhi, mama? Hiyo moja imepona?"

"Ipi?" Jembe lilikuwa begani.

"Managu yako, huo mnavu. Jana nikienda job simu ilisema kutakuwa na freeze, baridi ya kuua mimea. Nikagonga kwako, haukufungua. Nilikuwa na beseni moja tu, nikafunika hiyo iko na maua."

"Na majivu?"

"Ni ya wadudu. Walikuwa wameanza kuitoboa. Kwani kwenu hamuweki?"

"Kwetu majivu ya mtu hayaingii shamba la mwenzake bila salamu."

"Salamu natoa, mama. Kila siku. Ni wewe huitikii."

Bi Mwatumu akaninong'oneza, "Hodi niliisikia. Sikufungua." Kisha akapaza sauti, "Na sukuma yako je? Mbona haikufa?"

"Sukuma haiogopi baridi, mama. Inakuwa tamu hata."

Bi Mwatumu alipiga magoti, akaondoa tofali, akainua beseni upande mmoja kama anayechungulia sufuria ya jirani. Mnavu ulikuwa mbichi, maua yake yapo. Aliunusa. Akaunusa tena. Jembe akaliweka chini.

"Beseni hili litabaki kwangu," alisema. "Ni ushahidi."

"Libaki tu, mama," Cherotich akajibu, akaenda kulala.

Wiki tatu zilizofuata, kila jioni Bi Mwatumu aliufunika mnavu, na uzi mweusi akauzungusha kwenye beseni na tofali. Mizunguko mitano. Asubuhi alihesabu kwanza, ndipo akafunua.

Mwishoni mwa mwezi wa nne, saa tisa mchana, anga likawa na rangi ya kijani mbaya. Simu ikalia, ni yeye kutoka kazini. "Mama Precious, huko kukoje? Kimbia ukafunike!"

Nilikimbia, na mvua ya mawe ikanikuta mlangoni, mawe makubwa kama limau. Cherotich alikuwa ameshafika. Alikuwa amechuchumaa na gauni la kulalia, kichwa chini ya mto, mikono miwili inakandamiza beseni lisipeperuke. Vidole vyake vilivimba siku mbili. Bi Mwatumu aliviona. Kesho yake tu nilimsikia akijibu salamu, kwa mkato, kama mtu anayelipia kitu asichokuwa na uhakika nacho.

Mwezi wa sita matunda yakaiva meusi. Aliyakamua, akaosha mbegu, akazianika dirishani kwake kwa ndani, kisha akazigawa karatasi tatu. Moja yake, moja akanipa mimi. Ya tatu aliifunga kwa uzi mweusi.

"Mpelekee yule," alisema. "Mwambie ni mizunguko mitano. Ahesabu kabla hajafungua."