Mguu wa Namba Tano

Kiwandani walimwita Namba Tano, na jina hilo likamganda hata baada ya kiwanda kufungwa na wenzake kutawanyika kila mtu na njia yake. Alilipata akiwa na miaka kumi na tisa, siku msimamizi alipopita kwenye chumba cha cherehani akiwapima wasichana nyayo kwa rula ya mbao. Kati ya wasichana thelathini na saba, ni yeye tu aliyekuwa na mguu wa saizi tano kamili, usiozidi wala kupungua. Akaambiwa aache cherehani, apande ghorofani kwa fundi wa kalibu.

Kalibu ni mguu wa mbao. Ngozi huvutwa juu yake mpaka ishike umbo la kiatu. Fundi mwenyewe alikuwa mzee mkimya waliyemwita Mzee Tupa, kwa kuwa tupa yake ya kulainishia mbao haikumtoka mkononi. Alichonga kalibu ya Namba Tano kwa wiki tatu, akipima mguu wake kwa uzi na kwa ncha za vidole. Tangu hapo kila kiatu kipya cha kike alikivaa yeye kwanza. Alitembea mbele ya wakubwa akiwa na soksi ndefu za nailoni, mshono umepanda nyuma ya mguu wima kama mstari wa chaki, huku akiulizwa wapi panabana. Soksi zile alizifua mwenyewe kwa maji ya vuguvugu, na uzi ukianza kufumuka aliuzuia kwa tone la rangi ya kucha.

Taabu ilikuwa mguu wa kushoto. Pembeni, chini ya kidole kidogo, palikuwa na kifundo cha mfupa, kidogo kama punje ya harage. Siku moja meneja akakishika mbele ya watu, akasema mguu huu una kasoro na kalibu ipigwe tupa mpaka ilainike. Watu wakacheka. Namba Tano alisimama na soksi zake, akitamani ardhi ipasuke immeze. Mzee Tupa akaitikia kwamba amesikia, akaenda dirishani kwenye meza yake, na mchana kutwa tupa ikasikika ikikwaruza.

Kesho yake Namba Tano aliomba arudishwe kwenye cherehani, na kiatu cha kiwanda kile hakukitia tena mguuni. Aliolewa, akazaa, akafiwa na mume, na katika yote hayo hakuvaa kiatu cha wazi hata mara moja. Viatu alivyonunua kwingine vilimng'ata palepale kwenye kifundo. Akazoea, kama mtu anavyozoea jirani mkorofi.

Miaka arobaini na minne ilipita. Binti yake, ambaye ni muuguzi, alichoka kumwona mama yake akiburuta raba za kiume, akamtoa nyumbani asubuhi moja kwenda kununua viatu. Waliingia duka dogo la pembeni lililokuwa na rafu tatu tu. Namba Tano alisimama mlangoni, miguu ikakataa. Mbele yake palikuwa na viatu vya mkanda na bizimu, vya ncha ya duara na kisigino kifupi kilichobanwa katikati kama kiuno. Kando ya viatu hivyo miguu ya mbao ilikuwa imevalishwa soksi ndefu zenye mshono nyuma, ila sasa zilikuwa za rangi ya matofali na ya manjano. Ilikuwa kama mtu amefungua sanduku la ujana wake na kulipaka rangi. Binti yake akamwambia ndiyo mitindo ya siku hizi, ya kale dhahabu.

Akakaa kwenye kigoda, akaingiza mguu wa kushoto katika kiatu cheusi. Kiatu kilibana kidogo ubavuni, maana mguu ulikuwa umepanuka kwa umri. Lakini pale kwenye kifundo hapakubana kabisa. Palikuwa na nafasi, kijibonde chenye ukubwa uleule.

Binti yake alimwona anabadilika rangi, akamshika kifundo cha mkono kuhesabu mapigo.

"Mama, vipi? Kizunguzungu?"

"Kiatu hiki kimeshonwa juu ya mguu wangu," akasema.

Binti alidhani shinikizo la damu limepanda. Mwenye duka, mbunifu kijana mwenye utepe wa kupimia shingoni, alikuja akitabasamu, akamwamkia. Aliposikia habari ya kifundo, tabasamu likamtoka. Aliingia nyuma, akarudi na kalibu moja nyeusi kwa mafuta ya miaka mingi. Akaeleza kwamba gunia zima la kalibu alilinunua kwa muuza kuni, nyingine zote zikiwa zimeliwa na wadudu. Alitengeneza nakala ya hii na kuipiga msasa ili kile kinundu kiondoke, lakini wateja wakalalamika kwamba viatu vinauma. Aliporudia ile ya asili, wakaanza kurudi na dada zao.

Akaigeuza. Kwenye wayo palikuwa pamechomwa maandishi kwa waya wa moto: *Na. 5. Isiguswe.*

"Nilisikia tupa," Namba Tano akasema polepole. "Mchana kutwa nilisikia tupa."

Mzee Tupa alikwishafariki siku nyingi, na kilichokuwa kikikwaruzwa mchana ule, pengine kipande cha mbao tu, hakuna ajuaye. Namba Tano alivua kiatu, akauweka mguu mtupu sakafuni kando ya kalibu, mbele ya wateja waliokuwa wakichagua soksi. Hakulia.

Siku hizi yuko pale dukani kila Jumanne na Ijumaa. Amemwonyesha mbunifu kwamba mkanda ulikaa vidole viwili nyuma mno, na kwamba mshono wa soksi huanzia kwenye wayo, haurukii kisiginoni; soksi zimefumwa upya. Alimtafuta pia mtoto wa Mzee Tupa, akampata, ni kinyozi. Kinyozi akasema baba yake hakuwa mtu wa kuleta mambo ya kazini nyumbani, na jina la Namba Tano ndiyo kwanza analisikia.

Alishonewa jozi yake, pana kidogo ubavuni. Akitembea na binti yake, mara nyingine husimama ghafla katikati ya njia na kuitazama miguu yake. Binti humsubiri.