Maji Baridi ya Mzee Othmani

Mtaani kwetu Tunduma, Mzee Othmani anaitwa mfuga mawe. Ni mtu wa Tanga. Zamani aliendesha malori, siku hizi anatengeneza friji. Sebuleni kwake ana tangi alilolijenga kwa vioo vya friji za dukani, na ndani yake kuna matumbawe aliyoyanunua kwa mfugaji wa Dar, pamoja na chaza mmoja mpana kama sahani ya wali.

Mara ya kwanza nilipeleka birika la umeme la mama, nikabaki pale saa nzima. Nilidhani ni mawe kweli.

"Wanyama hao," akasema. "Wana midomo mingi kuliko watu wa Tunduma."

Akanieleza kwamba ndani ya miili yao mna mwani mdogo usioonekana, nao huwapikia chakula kwa mwanga wa zile taa za bluu. Chaza naye ni hivyo hivyo. Ukipitisha kivuli cha mkono juu yake, anajifunga.

"Msalimie mke mwenzangu," mkewe, Bi Mwanamvita, alikuwa akiniambia nikiingia, akinionyesha chaza. "Huyo ndiye anayeamkiwa kabla yangu."

Nilikuwa naenda kila Jumamosi. Naitwa Tusekile, lakini mzee akanipa jina, Maswali. "Maswali, leo umekuja na mangapi?"

Mwishoni mwa Julai dada yake alifariki Tanga. Mume na mke wakaondoka kwa wiki moja, mimi nikaachiwa ufunguo. Basi lilikuwa linakaribia kuondoka, mzee anaongea huku anavaa koti.

"Maji yakishuka chini ya mstari huu, ongeza maji baridi. Baridi tu, Maswali."

Jikoni palikuwa na madumu mawili. La bluu lilikuwa na maji matupu yaliyochujwa, na jeupe maji aliyoyachanganya na chumvi ya bahari. Nikawaza mwenyewe: hawa ni viumbe wa bahari, basi ni lile jeupe. Na fundi friji akisema baridi, anamaanisha baridi. Kwa hiyo kila jioni nilichota jagi kwenye dumu jeupe, nikaliweka nje ukutani. Julai ya Tunduma mnaijua. Asubuhi maji yalikuwa yanauma vidole, nami nikamimina nikijiona mtaalamu.

Siku ya nne, darasani, mwalimu wa baiolojia akasema, "Samaki wa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, kama wa Ziwa Tanganyika." Kalamu ikanisimama mkononi. Maji ya tangi yakipungua, yanayopaa ni maji tu, chumvi inabaki. Mimi nilikuwa naongeza chumvi juu ya chumvi, tena kwa baridi ile.

Nilikimbia mpaka kwa mzee. Chaza alikuwa amefunguka wazi. Nikapitisha mkono juu yake, mara ya kwanza, ya pili. Hakujifunga. Matumbawe mengine yalikuwa meupe kama mfupa.

Namba ya mzee ilikuwa kwenye simu ya mama. Nikajiambia yuko msibani, nisimsumbue. Halafu nikafanya jambo ambalo halikuwa la bahati mbaya, nililifanya najua. Nikabeba dumu la bluu, lililokuwa limejaa, nikalimwaga lote kwenye tuta la chainizi, mboga za mama, ili lionekane limetumika.

Waliporudi, mzee alisimama mbele ya tangi bila kuvua koti. Akapitisha mkono. Kisha akachukua kipimo chake cha chumvi.

"Chumvi imepanda sana. Uliongeza kutoka dumu la bluu?"

"Ndiyo, babu."

Akalitikisa lile dumu tupu. "Basi nilitia chumvi humu mwenyewe. Mwanamvita, kichwa changu kimekwisha."

Nilimngoja Bi Mwanamvita atanie. Hakutania. Akasema, "Ni uchovu tu, baba."

Wiki ile nilimwona mzee akifungua friji ya mteja mara tatu na kumuuliza mkewe, "Hii nimeifunga sawa?" Ijumaa, Danford, dereva wa lori la Dar, alikuja kuchukua matumbawe yaliyobaki ayarudishe kwa mfugaji.

"Mtu asiyekumbuka alichojaza kwenye dumu asifuge viumbe," mzee akamwambia, akishika ndoo ya kwanza.

Nikasema, "Babu, hukutia chumvi. Ni mimi. Nilitumia dumu jeupe, tena maji niliyaweka nje yapoe. Ulisema baridi."

Danford akacheka. "Akaona awape soda."

Mzee hakucheka. Aliketi polepole. "Baridi," akasema. "Kwetu pwani... Basi kosa ni langu, ningesema vizuri."

Pale ningenyamaza, ningekuwa nimesamehewa. "Na dumu la bluu nililimwaga mimi, babu. Nilikuwa nimeshajua."

Mzee aliinuka. Akamwambia Danford aiache ndoo. Kisha akatoa kalamu ya wino mzito mfukoni, akanipa.

"Andika kwenye madumu yote mawili, Tusekile. Kwa maneno ambayo hata mtu wa Tunduma ataelewa."

Niliandika. Matumbawe manne yamepona. Gamba la chaza liko dirishani, na Jumamosi nikienda Bi Mwanamvita haniambii nisalimie mtu. Mzee bado ananiita Tusekile.