Wino wa Njano na Ulimi wa Shaame

Nakumbuka, mwanangu Zuwena, siku moja mdomo wangu ulipogeuka wa njano na watu wa nyumbani wakafurahi. Nakuhadithia kwa sababu asubuhi hii nimekupokonya kichupa chako cha wino na kukupigia kelele mpaka majirani wa ghorofa ya chini wakachungulia. Umekusanya karatasi zako ukaingia chumbani. Nimekuwa mkali kuliko nilivyotaka.

Wino umeununua kwa kazi yako ya kuandika majina kwenye kadi za harusi, sina neno. Nilikaa nikakutazama ukiujaribu. Kwenye karatasi ya daftari ulitambaa kama mizizi, kwenye mfuko wa mkate ukafifia, kwenye kadi nene ukatulia, unang'aa, ungesema zafarani. Hapo tulicheka pamoja. Kisha ukasema, "Mama mdogo, Bi Asha wa chini kaniomba nimwandikie mtoto wake kombe la kunywa, ana homa tangu juzi. Zafarani sina. Si huu huu tu? Nani atajua?"

Nitajua mimi.

Shule niliiacha darasa la nne. Nikaolewa, nikatolewa shamba Kizimbani nikaletwa mjini Mkunazini, kwenye nyumba ya mawe, na mume wangu muda wote yuko melini kazini. Nikashikwa na homa ya matumbo. Mama mkwe wangu, Bi Mkasi, alisema hospitali tutakwenda, ila kwanza kombe. Mimi kombe silitukani, mwanangu. Maneno ya Mwenyezi Mungu yakiandikwa kwa zafarani, yakakoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa, moyo hutulia. Nimeyanywa tangu utotoni. Aliyeniandikia safari ile ni Shaame, shemegi yangu, ndugu mdogo wa mume wangu, aliyekuwa akiwaandikia kombe watu wa mtaa. Namtaja kwa jina, na haki hiyo ninayo.

Zafarani ilikuwa ghali, na wagonjwa wanaomngojea walikuwa wengi. Akatafuta kalamu ya kujaza wino na kichupa cha njano kama chako. Nimelazwa ukumbini, namwona. Anaandika kidogo, anachovya karatasi kwenye bakuli la maji, anatazama. Ya daftari ilibaki na madoa, akaitupa. Ya gazeti ikalegea ikakatika. Ile ngumu ya kung'aa, iliyotoka kwenye boksi la shati, iliachia rangi yote, maji yakawa njano safi. Akatabasamu. Na mimi mjinga nikawaza, shemegi yangu huyu ananihangaikia.

Bi Mkasi alikuwa pale pale anachambua mchele. "Shaame, rangi hiyo si ya kuandikia barua?"

"Rangi ni rangi, mama. Kinachotibu ni maneno."

Akaendelea na mchele wake. Na yeye namtaja.

Nikanywa. Nikatapika. Ulimi, fizi, mate, vyote njano. Shaame akawaita watu: "Mnaona? Maradhi hayo, yanatoka!" Ndipo walipofurahi. Hospitali ikaahirishwa, maana dawa inafanya kazi, na kila asubuhi nikaletewa kikombe. Tumbo likawa gumu kama ubao.

Aliyenitoa mle ni mama yangu, bibi yako Mize. Alikuja kutoka shamba na kikapu cha ndimu, akanitazama mdomo, hakulia. Akachukua kikombe changu akampelekea Shaame.

"Mwanangu, huko kwetu mwandishi wa kombe hulamba kalamu yake kwanza. Piga funda moja, na mimi nimpe mgonjwa wangu."

"Mama, leo nimefunga."

"Umefunga na kahawa mkononi?"

Shaame akakitazama kikombe chake, kinatoa moshi. "Nimejisahau."

"Basi jisahau tena. Kunywa."

Hakunywa. Mama akamwaga maji yale kizingitini, akanifunga kanga, akatuma mtu akaite gari. Bi Mkasi nyuma yetu: "Bi Mize, unatutia aibu mtaani!"

"Niwekee. Nitakuja kuichukua nikirudi."

Nilipasuliwa tumbo. Daktari alisema wino peke yake usingenifikisha pale, kilichoniponza ni kungojea. Nikapona, ila mimba niliyokuwa nayo, ambayo nilikuwa bado sijamwambia mtu, ilitoka, na nyingine sikupata. Kwa hiyo ninapokwita mwanangu, sikwiti kwa mazoea.

Shaame yuko hai. Ijumaa tukikutana njiani huniambia, "Hujambo, shemegi?" Nami humjibu, sijambo. Kumsamehe, bado. Kuna siku namwonea huruma, kwani alikuwa kijana, ndugu yake yuko safarini, nyumba nzima inamtazama yeye. Lakini aliujaribu ule wino kwenye kila karatasi iliyokuwamo nyumbani, na kwenye ulimi wake hakuujaribu.

Wewe si Shaame. Wewe umeuliza, na swali lako lilistahili jibu, si makelele. Basi jibu ndilo hili: mwenye kuumwa hunywa chochote anacholetewa na mtu anayemwamini, hana nguvu ya kukagua. Wewe mwenye afya ndiye wa kukagua. Kabla ya kumtilia mtu kitu kinywani, kitie chako kwanza, na ukiona unatafuta sababu ya kutokufanya hivyo, kimwage. Na mgonjwa asingojeshwe kwa kuwa sisi tunapenda kuonekana tumemtibu.

Bi Asha anamkosha mtoto, akimaliza tunampeleka hospitali. Vaa buibui lako, langu nishavaa. Tukirudi, zafarani yangu ya biriani imo kwenye kikopo juu ya kabati. Mwandikie kwa hiyo, kwenye sahani nyeupe, na ulambe mwanzo.

Kichupa chako sikukitupa, kiko dirishani. Kwenye kadi nene wino ule unapendeza kweli.

Mungu akuzidishie uzuri wa mkono, mwanangu, na amjaalie salama kila atakayesoma ulichoandika, na kila atakayekinywa.